Moyo na Wati: Historia ya Vipimo vya Mazoezi katika Mchezo wa Baiskeli

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mwendesha baiskeli wa mashindano aliyetaka kujua moyo wake ulikuwa ukipiga mara ngapi kwa dakika alilazimika kusimama kando ya barabara, kubonyeza vidole viwili shingoni, kuhesabu mapigo kwa sekunde 10 huku akitazama saa, kisha kuzidisha hesabu hiyo kwa 6. Njia hiyo ilikuwa na dosari mbili ambazo uhodari wa kuhesabu haungeweza kuziondoa. Pigo moja lililorukwa katika sekunde 10 liligeuka kosa la mapigo 6 katika dakika. Na kubwa zaidi, moyo wa mwanamichezo aliyezoea mazoezi huanza kupunguza mwendo mara tu miguu inapoacha kukanyaga, hivi kwamba idadi iliyopatikana ilikuwa ya moyo uliokwisha kuanza kupumzika, si ya moyo uliokuwa kazini. Namna ya kuupima mwili bila kuusimamisha ndilo swali lililozaa mkanda wa kifuani, saa ya mapigo, mita ya nguvu na mashine janja za mazoezi ya ndani ambazo leo zimejaa madukani, na mnunuzi anayejiuliza achukue kipi kati ya hivyo huwa, ajue asijue, anachagua kati ya majibu yaliyotolewa na watu mbalimbali, kwa haja mbalimbali, katika muda wa takribani miaka 50.

Udadisi wenyewe una umri mkubwa kuliko baiskeli. Mwanzoni mwa karne ya 17 Santorio Santorio, tabibu wa Padua nchini Italia, alining'iniza kitu kizito kwenye uzi, akaurefusha na kuufupisha uzi huo mpaka bembea yake ilipolingana na mapigo ya mgonjwa, kisha akasoma urefu wa uzi kana kwamba ni kipimo cha mwendo wa moyo. Mwaka 1707 daktari Mwingereza John Floyer alieleza matumizi ya saa iliyotengenezwa kwenda dakika moja kamili na kusimama, ili mapigo yahesabiwe bila kubahatisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliunda chombo kilichoweza kuandika mkondo dhaifu wa umeme ambao moyo huutoa kila unapojikunja, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Lakini chombo chake kilijaza chumba, na mgonjwa alipimwa akiwa ameketi, mikono na mguu vikiwa vimetumbukizwa katika vyombo vya maji ya chumvi. Mmarekani Norman Holter, wa mji wa Helena katika jimbo la Montana, alikuja kuufungua mnyororo huo mwaka 1947 alipojitwika mgongoni redio ya takribani kilo 38 iliyorusha hewani ishara za moyo wa mtu anayejongea. Mzigo huo haukumfaa mwanamichezo hata kidogo, lakini ulithibitisha kwamba umeme wa moyo unaweza kusomwa kwa mbali, na kilichobaki kilikuwa kuupunguza uzito.

Wakati huo baiskeli yenyewe ilikuwa imekwisha kuingia maabara. Wataalamu wa fiziolojia, yaani elimu ya utendaji kazi wa mwili, waliipenda baiskeli isiyosogea kwa sababu mtu anayeikanyaga hutuliza kifua na mikono, hivyo anaweza kufungiwa mirija na nyaya, na kwa sababu kazi anayoifanya dhidi ya breki inaweza kukokotolewa kwa uhakika ambao mbio za miguu hazitoi. August Krogh wa Copenhagen alieleza mwaka 1913 baiskeli ya namna hiyo iliyozuiwa kwa sumaku ya umeme. Nchini Uswidi, Wilhelm von Döbeln alibuni mwaka 1954 ile iliyozuiwa kwa mkanda unaolikaza gurudumu, na mwaka huohuo Per-Olof Åstrand na Irma Ryhming walichapisha chati ya kukadiria uwezo wa mtu wa kutumia oksijeni kwa kulinganisha mambo mawili tu, yaani kazi aliyofanya kwenye baiskeli na mapigo ya moyo wake wakati wa kuifanya. Chati hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake moyo na kazi vinasimama bega kwa bega, kila kimoja kikimpa mwenzake maana. Na sehemu kubwa ya historia inayofuata ni ya vipimo hivyo viwili kutengana vilipotoka maabara, kisha kutafutana tena.

Miaka mitatu baadaye Martti Karvonen wa Ufini, pamoja na wenzake, alitoa mchango ambao bado unatumiwa katika saa nyingi za mazoezi. Kwa mujibu wa hesabu inayobeba jina lake, kiwango cha mazoezi hakipimwi kwa asilimia ya mapigo ya juu kabisa peke yake, bali kwa asilimia ya akiba, yaani tofauti kati ya mapigo ya mtu aliyepumzika na mapigo yake ya juu kabisa. Mwanamichezo ambaye moyo wake hupiga mara 50 akiwa amelala na mara 190 akiwa ukingoni mwa uwezo wake ana akiba ya mapigo 140. Akiagizwa afanye mazoezi kwa asilimia 60 ya akiba hiyo, atachukua 84, ataongeza 50, na kupata mapigo 134 kwa dakika.

Kwamba Ufini ndiyo iliyotoa pia kifaa chenyewe si jambo la kushangaza kwa anayeijua michezo ya nchi hiyo, ambako mbio za kuteleza juu ya theluji kwa masafa marefu ni sehemu ya maisha na makocha wake hawakuwa na njia ya kumpima mtu aliye katikati ya msitu wenye baridi kali na mikono iliyovikwa glavu nene. Seppo Säynäjäkangas, mtaalamu wa elektroniki aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Oulu, alianza kulishughulikia tatizo hilo katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1977 akaanzisha kampuni ya Polar Electro katika mji wa Kempele, jirani na Oulu. Mwaka 1982 kampuni hiyo ilitoa Sport Tester PE 2000, kifaa kilichovaliwa mkononi kama saa na kupokea bila waya mapigo yaliyosomwa kifuani. Waendesha baiskeli, ambao tayari walikuwa na mahali pa kufungia saa mbele ya macho yao kwenye usukani, walikuwa miongoni mwa waliokipokea kwa hamu kubwa.

Ufanyaji kazi wa mkanda wa kifuani unaosoma mapigo hayo haujabadilika sana tangu wakati ule, na anayeuelewa huepukana na malalamiko mengi. Ndani ya mkanda mna elektrodi mbili, yaani vipande vya mpira au kitambaa kinachopitisha umeme, ambavyo hugusa ngozi chini kidogo ya matiti, kila kimoja upande wake. Kila moyo unapojikunja, tofauti ya umeme ya takribani milivolti moja hutokea kati ya elektrodi hizo, na saketi ndogo katikati ya mkanda huitambua ncha kali ya ishara hiyo na kutuma taarifa kwa saa. Ngozi kavu haipitishi umeme vizuri, na ndiyo sababu mwanamichezo hulowesha elektrodi kwa maji au mate kabla ya kuvaa, na ndiyo sababu pia mapigo ya dakika za mwanzo, kabla jasho halijatoka, mara nyingine huruka ovyo kutoka 90 hadi 200 na kumtia mtu hofu isiyo na msingi. Mikanda ya awali ilituma taarifa kwa uga wa sumaku wa masafa ya chini, takribani kilohezi 5, ambao haukufika mbali zaidi ya mita moja hivi. Wasafiri wawili waliokwenda ubavu kwa ubavu waliweza kusomeana mioyo, na mtu aliyepita chini ya nyaya za umeme mkubwa aliona tarakimu zisizowezekana. Watengenezaji wakalazimika baadaye kuweka alama za siri katika ishara ili kila saa itambue mkanda wake. Masafa hayo ya chini yalikuwa na faida moja ambayo teknolojia iliyofuata iliipoteza: yalipenya majini, na kwa hiyo mwogeleaji aliweza kuyatumia.

Kifaa kilipopatikana, ilibidi patafutwe la kufanya nacho. Jibu lililovuma kuliko yote lilitoka Chuo Kikuu cha Ferrara nchini Italia, ambako Francesco Conconi alichapisha mwaka 1982 utafiti uliofanywa kwa wakimbiaji. Alidai kwamba mwendo unapoongezwa kidogo kidogo mapigo hupanda kwa mstari ulionyooka, mpaka hufika mahali mstari huo unapopinda na mapigo kuanza kupanda polepole kuliko mwendo, na kwamba mpindo huo ndio kizingiti, yaani kiwango ambacho mtu akikivuka, misuli huanza kulimbikiza mabaki ya kazi isiyotoshelezwa na oksijeni, na uchovu haukawii. Mbinu hiyo ilimsaidia Francesco Moser, Mwitalia mwenye umri wa miaka 32, kujiandaa kwa rekodi ya saa moja, ambayo hupatikana kwa kuhesabu umbali anaokwenda mtu peke yake uwanjani katika dakika 60. Rekodi iliyokuwepo ilikuwa ya Eddy Merckx, kilomita 49.431, iliyowekwa jijini Mexico mwaka 1972. Januari 1984, katika jiji hilohilo, Moser alikwenda kilomita 50.808, na siku nne baadaye kilomita 51.151.

Ushindi huo uliuza vipima mapigo kuliko tangazo lolote, na kwa miaka mingi vitabu vya mazoezi viliunukuu kama uthibitisho kwamba moyo ukifuatwa kwa uaminifu humfikisha mtu popote. Haki ya historia inadai yaelezwe pia mengine. Moser alitumia magurudumu yaliyozibwa kama sahani, ambayo hukata upepo vizuri kuliko ya spoki. Alikimbia katika hewa nyepesi ya mji ulioinuka zaidi ya mita 2,200. Na miaka mingi baadaye alikiri kwamba aliongezewa damu, jambo ambalo wakati ule halikuwa limepigwa marufuku. Jaribio la Conconi nalo lilikuja kukosolewa na watafiti ambao hawakuuona mpindo huo kwa kila mtu waliyempima. Hakuna kati ya hayo linaloufuta umuhimu wa mkanda wa kifuani, lakini yote kwa pamoja yanaonyesha jinsi kipimo kizuri kinavyoweza kubebeshwa sifa isiyo yake.

Kanuni nyingine iliyosambaa pamoja na vifaa hivyo ilikuwa ile ya kutoa umri wa mtu katika 220 ili kupata mapigo yake ya juu kabisa. Kanuni hiyo, inayohusishwa na makala ya Fox, Naughton na Haskell ya mwaka 1971, haikutokana na utafiti uliokusudia kuipata, bali na mstari uliochorwa kwa kukadiria kupitia matokeo yaliyokusanywa kutoka sehemu mbalimbali. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake walipendekeza nyingine: 208 ukitoa umri uliozidishwa kwa 0.7. Kwa mtu wa miaka 40 kanuni zote mbili hutoa 180. Kwa mwenye miaka 60 ya kwanza hutoa 160 na ya pili 166, na kwa kijana wa miaka 20 ya kwanza hutoa 200 na ya pili 194. Watu wa umri mmoja hutofautiana kwa mapigo 10 au zaidi, kwa hiyo saa inayogawa madaraja ya mazoezi kwa umri peke yake inaweza kumfanya mmoja ajikokote na mwingine ajichoshe, wote wakiamini wanatii sayansi. Saa inayoruhusu mtumiaji aandike mwenyewe mapigo yake ya juu aliyoyaona katika mbio au mlimani ni bora kuliko ile inayoling'ang'ania swali la tarehe ya kuzaliwa.

Hata moyo uliopimwa sawasawa, hata hivyo, huchelewa. Mwendesha baiskeli anayechomoka kwa nguvu zake zote kwa sekunde 20 huwa amekwisha kumaliza kabla moyo haujafika juu, na saa humwonyesha tarakimu kubwa wakati tayari anapumua na kushuka. Moyo pia hujibu mambo yasiyohusu miguu: kahawa, usingizi mchache, wasiwasi wa mashindano, homa inayonyemelea. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam damu hulazimika kupelekwa kwenye ngozi ili kuupoza mwili, jasho hupunguza kiasi cha damu inayozunguka, na moyo hupanda polepole saa nzima ingawa miguu inafanya kazi ileile. Wataalamu huita hali hiyo mserereko wa moyo. Mtu huyohuyo akipelekwa Iten, kwenye takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, moyo wake utasema kitu kingine kwa kazi ileile, kwa sababu ya uchache wa oksijeni.

Jawabu la upungufu huo lilitoka Ujerumani. Ulrich Schoberer, mhandisi kijana mwenye mapenzi ya baiskeli, alianza mwaka 1986 kutengeneza chombo kilichopima kazi yenyewe badala ya namna mwili unavyoipokea, na kampuni yake ya Jülich ikabeba herufi SRM, zinazotokana na jina lake na maneno ya Kijerumani yenye maana ya vipimo vya baiskeli. Aliweka kipimo ndani ya krenki, yaani mkono wa chuma unaoshika pedali na kulizungusha gurudumu la meno la mbele. Metali yoyote ikisukumwa hujipinda, hata kama jicho halioni. Schoberer alibandika juu yake vipande vyembamba vinavyobadili ukinzani wake wa umeme vinapovutwa, na kutokana na badiliko hilo akapata kani ya kuzungusha. Kani hiyo ikizidishwa kwa kasi ya mzunguko hutoa nguvu, yaani kiasi cha kazi kinachofanywa kila sekunde, ambacho kipimo chake ni wati. Kwa mfano, mtu anayesukuma kwa kani ya kuzungusha ya nyutonimita 30 huku miguu ikizunguka mara 90 kwa dakika anatoa takribani wati 283, na tarakimu hiyo haijali joto, kahawa wala homa.

Katika miaka ya mwanzo chombo hicho kiligharimu fedha ambazo timu tajiri, taasisi za michezo na mabingwa wachache tu ndio waliokuwa nazo, na Mmarekani Greg LeMond alikuwa miongoni mwa mabingwa wa kwanza kukitumia. Mwenye nacho alipaswa kujifunza adabu mpya: kabla ya kila safari, pedali zikiwa huru bila mguu juu yake, chombo huelezwa kwamba hiyo ndiyo sifuri, kwa sababu metali hubadilika kidogo kadiri ya joto na sifuri ya asubuhi si sifuri ya mchana. Sharti hilo halijaondoka hadi leo, hata kwa vifaa vya gharama kubwa. Wengi wanaolalamika kwamba mita yao inadanganya huwa hawajaipa sifuri kwa wiki kadhaa.

Washindani walipojitokeza, kila mmoja alitafuta mahali pengine pa kuweka kipimo, na mahali hapo ndipo penye siri ya bei na ya makosa. PowerTap, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilikiweka katika kitovu cha gurudumu la nyuma, ambako nguvu hupimwa baada ya mnyororo kula sehemu yake ndogo; aliyekuwa na magurudumu mawili, moja la mazoezi na lingine la mashindano, alibaki bila kipimo siku ya mbio. Stages, kampuni ya Marekani, ilitoa mwaka 2012 kipimo kidogo kilichobandikwa kwenye krenki ya kushoto peke yake, kikapima mguu mmoja na kuzidisha kwa 2, na bei ikashuka ghafla. Dhana iliyofichwa humo ni kwamba miguu miwili huchangia sawa. Mtu anayetoa wati 250 huku mguu wa kushoto ukichangia asilimia 52 atasomewa 260, na kosa hilo halina madhara makubwa kwa anayejilinganisha na nafsi yake mwezi hadi mwezi mradi mgawanyo wa miguu usibadilike, lakini lina madhara kwa anayetaka kulinganisha wati zake na za mwenzake. Mwaka 2013 kampuni ya Garmin ilileta pedali zenye vipimo ndani yake, ambazo zinaweza kuhamishwa kutoka baiskeli moja hadi nyingine bila ya fundi, na kwa mwenye baiskeli mbili hiyo ni sababu nzito kuliko usahihi wa asilimia moja zaidi.

Lugha ya kuzungumzia wati iliwekwa na Andrew Coggan, mtaalamu wa fiziolojia, ambaye pamoja na kocha Hunter Allen alitoa mwaka 2006 kitabu kilichoenea sana kuhusu mazoezi kwa mita ya nguvu. Nguzo ya mfumo wao ni kizingiti cha utendaji, yaani wati nyingi kuliko zote ambazo mtu anaweza kuzidumisha kwa muda wa karibu saa moja, na madaraja saba ya mazoezi hukokotolewa kutoka hapo. Wafuasi wengi walidhani kwamba siku za mkanda wa kifuani zimekwisha. Makocha makini waliona kinyume chake, kwa kuwa wati 200 za mwezi Januari zilizohitaji mapigo 150 zikija kuhitaji mapigo 138 mwezi Aprili, habari njema imo katika uhusiano wa tarakimu hizo mbili, na hakuna kifaa kimoja kinachoweza kuitoa.

Uhusiano huo ulisimamishwa mahakamani, kwa namna ya kusema, Julai 2015. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kulelewa kimchezo na David Kinjah huko Kikuyu kabla ya kwenda Ulaya, aliwaacha wapinzani wake wote kwenye mlima wa La Pierre-Saint-Martin katika Tour de France, na shutuma zikamwandama. Televisheni ya Ufaransa ilirusha makadirio kwamba alitoa zaidi ya wati 7 kwa kila kilo ya mwili wake. Timu yake ikajibu kwa kuweka hadharani vipimo: wastani wa wati 414 kwa dakika 41 na sekunde 28, wastani wa mapigo 158 na ya juu kabisa 174, kwa uzito wa kilo 67.5. Ukigawanya hupata takribani 6.1, lakini timu ilieleza kwamba gurudumu la meno la mbele la Froome halikuwa la mviringo kamili bali la umbo la yai, ambalo huifanya mita isome zaidi kwa takribani asilimia 6, na baada ya kurekebisha ikasema 5.78. Tofauti kati ya 5.78 na 7 ni tofauti kati ya mwanamichezo hodari sana na kiumbe asiyewezekana, na yote ilitokana na dhana: uzito gani, upepo gani, meno gani. Wati ni kipimo kigumu zaidi kukishawishi kuliko moyo, lakini nacho hutegemea namna kilivyofungwa.

Kwa Afrika Mashariki vipimo hivi vilikuwa na maana nyingine, nayo ni ya heshima. Kijana wa Ulaya hujulikana kwa mbio alizoshinda tangu utoto. Kijana wa Eldoret au Musanze hakuwa na mbio hizo, na bila tarakimu hakuwa na ushahidi wa kumwonyesha mtu yeyote. Mwaka 2008 Nicholas Leong, mpigapicha kutoka Singapore, aliwapeleka Wakenya Zakayo Nderi na Samwel Mwangi kwenye mlima wa Alpe d'Huez nchini Ufaransa, na Nderi, ambaye hakuwa na timu wala historia ya mashindano makubwa, akaupanda kwa muda wa zaidi kidogo ya dakika 42. Nchini Rwanda, Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, alihamia mwaka 2007 na kuanza kupima nguvu za vijana kwenye baiskeli isiyosogea, wengi wao wakiwa wamezoea baiskeli za kubebea mizigo na abiria. Miongoni mwa waliotokana na juhudi hizo ni Adrien Niyonshuti, aliyebeba bendera ya Rwanda katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Mwaka 2025 Kigali ikawa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika.

Safari ya Nderi inakumbusha pia kwamba mlima na saa ni mita ya nguvu ya bei rahisi. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 70 kwa pamoja, wakipanda kimo cha mita 500 kwa dakika 30, kazi ya kuinua uzito huo peke yake ni takribani wati 190, kabla ya kuongeza upepo na msuguano wa matairi. Mlima ukiwa mkali, upepo hupungua umuhimu na makadirio hukaribia ukweli. Kwa kijana asiye na fedha za mita, mlima mmoja uleule, siku tulivu ileile ya juma, na mkanda wa kifuani wa bei nafuu hutosha kumwonyesha kama anasonga mbele, na makocha wa vilabu vidogo wangefanya vyema kuanza hapo kabla ya kuomba msaada wa vifaa vya maelfu ya dola.

Katika miaka ya 2000 tatizo lilihama kutoka kupima hadi kuzungumzishana. Kampuni ya Dynastream ya Kanada ilibuni ANT, njia ya kuunganisha vifaa kwa mawimbi ya gigahezi 2.4 kwa kutumia umeme kidogo sana, na Garmin ikainunua kampuni hiyo mwaka 2006. Mwaka 2010 ikaja Bluetooth ya toleo la 4, ambayo ilifanya simu janja nazo ziweze kusoma mkanda. Mnunuzi wa kifaa kilichotumika, na katika masoko ya Afrika Mashariki vifaa vingi ni vya mkono wa pili, hana budi kuuliza swali hili kabla ya bei: kinazungumza njia ipi? Mkanda wa kale wa kilohezi 5 hausomwi na simu, na mkanda wa ANT peke yake hausomwi na simu nyingi.

Kipima mapigo cha mkononi kisicho na mkanda kina asili yake. Mwaka 1937 Alrick Hertzman wa Marekani alieleza namna mwanga unaopenya kwenye ngozi unavyobadilika damu inapojaa na kupungua, na saa za leo humulika taa ya kijani kwa kanuni hiyohiyo. Mwendesha baiskeli ana sababu zake za kutahadhari: anaukunja mkono akishika usukani, barabara mbovu huitikisa saa, na baridi ya asubuhi huondoa damu kwenye ngozi ya mikono. Melanini, ambayo ndiyo rangi ya ngozi nyeusi, hunyonya mwanga wa kijani, na tafiti hazijakubaliana ni kwa kiasi gani jambo hilo huharibu usomaji. Aina inayofungwa juu ya mkono, karibu na bega, hutikisika kidogo na husoma vizuri zaidi, lakini kwa mazoezi ya kuchomoka na kupumzika mkanda wa kifuani bado hauna mpinzani.

Mashine janja za ndani ndizo zilizoviunganisha tena vipimo viwili vya chati ya Uswidi. CompuTrainer ya Seattle ilikuwa imeunganisha baiskeli na kompyuta tangu miaka ya 1980, lakini kampuni ya Wahoo ilipotoa mashine ya KICKR mwaka 2012, na programu ya Zwift ilipofunguliwa kwa majaribio mwaka 2014, mtu aliyekuwa sebuleni aliweza kupanda mlima wa kuchorwa, breki ya mashine ikikaza yenyewe kadiri mlima unavyokaza. Desemba 2020 shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, liliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya aina hiyo, na Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini akashinda mbio za wanawake. Katika mbio hizo wati ndizo mwendo wenyewe, na anayeidanganya mashine, au kuandika uzito pungufu, huwa ameiba barabara. Kwa sababu hiyo, kwenye ngazi za juu washindani hutakiwa kurekodi nguvu kwa vyombo viwili tofauti kwa wakati mmoja, kupimwa uzito mbele ya kamera, na kuvaa kipima mapigo ya moyo, ili anayekagua matokeo aweze kuona kama wati 400 zilizoandikwa zilifuatwa na moyo unaopanda, kwa kuchelewa kule kule ambako hapo zamani kulihesabiwa kuwa upungufu wake.